Jezi namba 51 haivaliwi tena, kwa nini?

SUALI: Asalaam aleykum Ami. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe. Juzi tumekaa Forodhani na Mjapani mmoja mtu mzima, kavaa kofia ina namba 51, nikamuuliza ya nini, akanambia ya Ichiro, mcheza besiboli keshastaafu na namba yake haivaliwi tena, kisha akaivua akaifuta vumbi kwa kiganja taratibu ndo akaivaa tena. Sasa heshima hiyo ndo vipi, na huyo mtu kafanya nini? – Kijana wa Malindi, Unguja

JAWABU: Waaleykum salaam mwanangu, suali lako limenipa raha. Huyo ni Ichiro Suzuki. Kule Marekani timu ikiistaafisha namba basi hapewi mchezaji mwengine tena, na timu yake, Seattle Mariners, wameistaafisha 51 kwa ajili yake Agosti 2025. Wiki mbili kabla ya hapo, Julai 27, alishaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, New York, mtu wa kwanza mzaliwa wa Asia. Na huko huingii kwa kujuana, usubiri miaka 5 tangu kustaafu halafu waandishi wa besiboli wakupigie kura, upate asilimia 75. Yeye kapata 393 kati ya 394, na ile moja mie inaniuma mpaka leo!

Kafanya nini? Kaenda Marekani 2001, mwembamba tu, mwaka ule ule akatoka mchezaji bora wa ligi yake. 2004 akapiga hiti 262 msimu mmoja, rikodi ilokuwepo tangu 1920 ikavunjika. Hiti ni kuupiga mpira kwa fimbo ukakimbia ukafika besi, yaani kituo cha mkimbiaji, salama, na yeye nguvu zake zilikuwa mbio na shabaha. Fimbo zake akiziweka kwenye sanduku maalumu zisipate unyevu, kama wapiga udi wetu wa taarab wanavouhifadhi udi na unyevu wa bahari, kwa hilo tu mie nampenda.

Serikali ya Japani imetaka kumpa tunzo kubwa ya heshima, 2001 akakataa, na alipostaafu 2019 akakataa tena.

Mgeni wako ukimuona muulize kama alikuwepo Tokyo Machi 2019, mechi yake ya mwisho, maana mpira ulishamalizika watu wamegoma kuondoka, mpaka Ichiro akatoka tena akazunguka uwanja anawapungia mkono.