Mashine ya presha Malindi: pima maji yako kwanza, bar baadaye

Ndugu yangu, umeuliza ununue mashine gani ya presha ya kuoshea kwa maji, kwa matumizi ya nyumbani hapa Malindi, na kama ile uliyoiona dukani imeandikwa 200 bar (bar ni kipimo cha presha) inafaa kuoshea ua, gari na boti yako. Kisha ukagusia, kwa kupita tu, kwamba maji yako ni ya kisima. Mimi nakujibu kwa kuanzia hapo kwenye kisima.

Nakaa upande wa Muyeye. Mashine yangu ya kwanza niliinunua mara tu baada ya masika, ua ukiwa umeota ukijani hadi watoto wanateleza, nikaiunga moja kwa moja kwenye pampu ya kisima. Maji yetu yana chumvi. Ukiyaacha sufuriani jua liyakaushe, ukingoni hubaki mstari mweupe. Haikufika miezi minane. Ilianza kupiga kwa kukatakata, ikaja kuvuja kwa chini, mwisho mota inanguruma na presha haipo. Fundi aliifungua mbele yangu juu ya gunia. Kichwa cha pampu kilikuwa cha alumini, na pale vali zinapokaa palijaa unga mweupe kama chokaa. Alipokwangua kwa ncha ya bisibisi, alumini yenyewe ilimomonyoka. Sili za mpira zilikuwa na mikwaruzo ya mchanga. Mota haikuwa na tatizo lolote. Nilitupa mashine nzima kwa sababu ya kipande cha ukubwa wa ngumi.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, jua utailisha maji gani. Maji ya bomba yanayotoka Baricho, kule mto Sabaki, ni matamu, lakini unajua mwenyewe yanavyokuja kwa zamu, kwa hiyo utahitaji tangi. Ya mvua yakikingwa kwenye mabati ni mazuri zaidi. Kama huna budi kutumia kisima, tumia, ila malizia kila kazi kwa maji matamu, na weka kichujio mahali mpira wa maji unapoingia kwenye mashine. Wengi hukitoa kile kichujio kidogo cha ndani kwa kuwa kinaziba. Kinaziba kwa sababu kinafanya kazi yake!

Halafu pima kasi ya maji. Chukua mtungi wa lita 20 na simu, fungua mfereji, hesabu muda. Mashine nyingi za nyumbani hunywa kama lita 6 kwa dakika, kwa hiyo mtungi ukichukua zaidi ya dakika 3 na sekunde 20 kujaa, mashine itakuwa inavuta hewa, na pampu inayovuta hewa hujila yenyewe. Mimi husema ujae ndani ya dakika 2. Kama tangi lako limekaa chini, lipandishe juu ya jukwaa na utumie mpira mpana, si ule mwembamba wa kumwagilia maua. Piga hesabu ya matumizi pia: dakika 20 za kufyatua mfululizo ni lita 120, yaani mitungi sita. Kwa anayenunua maji ya mkokoteni hiyo ni pesa.

Sasa hizo 200 bar. Kuna hesabu moja niliyofundishwa na fundi huyo huyo, nami sinunui tena chochote bila kuipiga. Chukua bar, zidisha kwa lita kwa dakika, gawanya kwa 600. Unapata kilowati zinazohitajika kuyasukuma maji yale. Ukikuta lebo inasema 200 bar, lita 8 kwa dakika, mota ya wati 1,800, hesabu inakupa karibu kilowati 2.7. Mota ya kilowati 1.8 haiwezi kutoa 2.7, iwe imetengenezwa wapi. Lebo hiyo inakudanganya, au imechukua presha ya juu kabisa na maji mengi kabisa, vitu ambavyo haviji pamoja. Ila 110 bar kwa lita 6 ni kilowati 1.1, na mota ya wati 1,600 inaimudu. Tafuta maandishi ya presha ya kufanyia kazi, achana na ile ya juu kabisa. Soketi zetu ni za ampea 13, yaani karibu wati 3,100 kwa volti 240, kwa hiyo mashine ya umeme ya nyumbani ina ukomo wake hata kabla hujasoma lebo. Na kusema kweli, kwa ua na gari, 110 hadi 130 inatosha kabisa. Maji mengi ndiyo yanayobeba tope. Presha peke yake inalirusha tu ukutani.

Kuhusu mota: kuna zenye brashi za kaboni, nyepesi, zenye kelele kama mashine ya kusagia nafaka, na kuna za induksheni, nzito na tulivu. Kama utaosha mara moja kwa mwezi, ya brashi inatosha. Ukiwa na boti, tafuta ya induksheni yenye kichwa cha pampu cha shaba ya manjano, hata kama itabidi usubiri miezi miwili mitatu kukusanya pesa. Na kabla hujalipa, muulize mwenye duka kama ana sili na mipira ya oringi ya mashine ile. Akisema ataagiza, ondoka.

Waya ya kurefusha umeme iwe nene, ya milimita 2.5 za mraba, fupi iwezekanavyo, na ikunjuliwe yote. Jioni stima ikishuka nguvu, mota hunguruma bila kuanza. Izime hapo hapo, usiilazimishe. Maungio yakae mahali pakavu, nawe uvae gambuti.

Vya kutoosha nimejifunza kwa uchungu. Nyumba ya marehemu baba, Mambrui, ina kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa. Nilitaka kuzisafisha kabla ya Idi. Nilisogeza bunduki ya maji karibu kwa shubiri moja, na plasta ikatoka kama ganda la muhogo, jiwe likabaki wazi. Ukuta uliokaa miaka yote ile niliuharibu kwa asubuhi moja, na kurudisha chokaa iliyolingana nayo haikuwa rahisi. Kuta za namna hiyo ni brashi laini na maji ya ndoo. Mawe ya Galana ya uani yanavumilia, ila tumia nozeli pana (nozeli ni ile ncha ya kutolea maji), ile inayotawanya maji kwa nyuzi 40 ambayo kwa kawaida ni nyeupe, na ukae mbali. Kabro nazo, yale matofali ya kutandika uani, usizipige wima kwenye maungio. Mchanga ukitoka katikati, zinaanza kucheza.

Boti yako, kama ni ya faiba, haina shida. Ikiwa ni ya mbao, tafadhali usiielekeze presha kwenye maungio ya mbao. Pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, inatoka, nawe hutajua mpaka uko majini. Tuktuk ya shemeji yangu niliiosha hadi kwenye beringi za magurudumu. Grisi ikasukumwa nje, maji yakaingia.

Nozeli nyekundu, ya nyuzi sifuri, ifiche. Maji yake hupenya ngozi. Kidonda huonekana kama tundu la sindano huku ndani nyama imeharibika, kwa hiyo likitokea jambo hilo nenda hospitali saa ile ile na umwambie daktari ni maji ya presha. Mtoto asishike bunduki.

Matunzo yenyewe hayachukui robo saa, na ndiyo yaliyoifanya mashine yangu ya pili iingie mwaka wa nne sasa. Nikimaliza kazi napitisha maji matamu kwa dakika mbili. Nazima, nafunga mfereji, nabana bunduki mpaka presha yote itoke. Natoa mpira, nawasha kwa sekunde chache tu ili maji yaliyobaki ndani yatoke, nazima. Nafuta kwa kitambaa kibichi kisha kikavu, kwa sababu upepo wa kusi unaleta chumvi hata kwa mashine isiyotumika, na naiweka ndani, mbali na jua linalopasua mpira. Mara moja kwa mwezi nafungua kichujio nakisuuza, nazibua nozeli kwa sindano, na ikiwa na ukoga mweupe naiacha kwenye siki kwa nusu saa. Oringi nazipaka grisi ya silikoni. Kama pampu yako ina kioo cha oili, kichungulie: oili ikiwa rangi ya maziwa, maji yameingia na sili imekwisha. Jiki usiipitishe kwenye pampu kamwe. Kwa ukijani wa ua, mwagia sabuni kwa ndoo, sugua kwa fagio la nje, subiri dakika kumi, ndipo upige maji.

Pima mtungi wako kwanza, kisha niandikie dakika ulizopata pamoja na namba tatu za lebo: bar, lita na wati. Nitakupigia hesabu.