Nina kila kitu, ila wa kunisikiliza

Shangazi anajibu barua zenu

*Assalamu alaykum Shangazi,*

*Nimeolewa miaka kumi na moja, tuna watoto watatu, tunaishi Eastleigh ghorofa ya tano. Mume wangu anauza mitumba Gikomba. Hanipigi, hanitukani, hagusi pombe. Kodi ya nyumba hulipwa kabla ya tarehe tano na ada ya madrasa haijawahi kuchelewa. Nilipojaribu kulalamika, mama yangu alinikata kauli: "Unakufuru neema. Sisi nani alituuliza habari zetu?"*

*Lakini Shangazi, mtu huyu haniulizi kitu. Anatoka baada ya alfajiri, anarudi baada ya isha. Anakula, anashika simu, analala kanipa mgongo. Mwezi wa Rajabu mimba yangu iliharibika, ya miezi mitatu. Alinipeleka hospitali, akalipa, akaninunulia matunda. Tangu siku ile hatujalitaja tena jambo hilo.*

*Nimejaribu kumwonyesha. Nimevaa leso zenye maneno, nimeweka mafumbo kwenye stetasi ya WhatsApp, nimemwekea sahani mezani nikaenda zangu jikoni. Haoni. Ameshazoea kunyamaza tangu kibanda chake kiungue mwaka juzi.*

*La mwisho nalisema kwa haya. Kuna mwanamume niliyesoma naye sekondari, tunatumiana ujumbe wa sauti. Hatujafanya baya lolote, ila yeye huniuliza, "Umeshindaje leo?" na mimi hulisubiri swali hilo tangu asubuhi. Je, nina haki ya kumdai mume wangu anisikilize, au haki yangu imeishia kwenye chakula, mavazi na makazi?*

*Mke wa Eastleigh*

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliiweka chini nikaenda kutia udhu. Kwanza, pole kwa mtoto. Naona hakuna aliyekuambia, basi nakuambia mimi: pole sana, Mwenyezi Mungu akufariji na akupe badali iliyo bora. Ulibeba miezi mitatu, ukashaanza kuhesabu siku na pengine ukashachagua jina. Matunda ya hospitali hayawezi kuifunga habari kama hiyo.

Jibu la swali lako ni ndiyo, una haki. Mimi si mwanachuoni, ni mwanamke wa Pumwani niliyekaa darsani miaka mingi na kuwafunda mabiharusi wengi, lakini hili halihitaji kuchimbua sana. Katika Suratun Nisaa, aya ya 19, wanaume wameamrishwa wakae na wake zao kwa wema. Suratur Rum, aya ya 21, inasema wenza wameumbwa ili mtulie kwao, na baina yenu yakatiwa mapenzi na huruma. Chakula, mavazi na makazi ndivyo Kadhi anavyoweza kuvipima kwa shilingi, na ndiyo maana watu hudhani ndoa yote imo humo. Nani atakwenda mahakamani na risiti ya huruma?

Tena ulilolilalamikia limelalamikiwa zamani. Iko hadithi ndefu katika Bukhari na Muslim ambayo Bibi Aisha alimsimulia Mtume, rehema na amani zimshukie, ya wanawake kumi na mmoja waliokaa pamoja wakaahidiana wasifiche lolote la waume zao. Wa sita alisema: mume wangu akila hukomba, akinywa humaliza, akilala hujifunika peke yake, wala hanyooshi mkono kujua huzuni niliyo nayo. Nilipokusoma, huyo wa sita ndiye aliyenijia. Na wa kumi na moja, Ummu Zar'i, alipokuwa akimsifu Abu Zar'i, mume wake wa kwanza, alitaja mapambo aliyomvika masikioni, alitaja kushiba na kunenepa, kisha akataja na hili: mbele yake nilikuwa nikisema, wala sikaripiwi. Mtume aliisikiliza hadithi hiyo yote, mwanamke baada ya mwanamke, kisha akamwambia Aisha kwamba yeye kwake ni kama Abu Zar'i alivyokuwa kwa Ummu Zar'i. Umma mzima ulikuwa ukimgojea, naye yuko nyumbani anasikiliza mazungumzo ya mkewe mpaka yaishe.

Kwa hiyo mama yako usimjibu, lakini usimchukulie neno lake kuwa sheria. Amesema kweli kwamba waume wao hawakuwauliza. Ila mimi nimekulia kwenye nyumba zile za Majengo, vyumba sita, ukumbi katikati, ua mmoja nyuma, choo kimoja na bomba moja. Mama yangu akiamka na uso uliovimba, kabla hajawasha jiko la makaa wanawake watatu wameshajua sababu. Mimba ikiharibika, mmoja anampikia uji, mwingine anamfulia, wa tatu anakaa tu kwenye mkeka anamshika mguu. Walisikilizwa, mwanangu, tena na watu wengi. Wewe umefungiwa geti la chuma ghorofa ya tano, jirani humjui jina, na mzigo uliobebwa na ua mzima sasa unamtaka mtu mmoja aubebe peke yake saa tatu usiku akiwa ameshachoka. Mume wako ana sehemu yake, na nitakuja kwake. Lakini nakuomba wiki hii hii utafute darsa ya akina mama au chama ambacho watu hukaa wakazungumza, si cha kutuma pesa kwa simu na kuagana. Mtafute hata mwanamke mmoja umsimulie habari ya Rajabu tangu mwanzo.

Sasa nije kwa mume. Barua yako ndefu, na moto umeupa mstari mmoja: "tangu kibanda chake kiungue." Mimi hapo ndipo niliposimama. Sisi wa Pumwani tumeuona moto wa Gikomba mara nyingi, tumetoka usiku na ndoo, tunajua asubuhi yake inavyokuwa. Mtu anakuta majivu pale palipokuwa na marobota, baadhi yake ya mkopo hajayafungua. Kesho anatakiwa tena asimame alfajiri, achague kamera, zile nguo bora za robota, kabla wengine hawajafika, atabasamu na wateja kana kwamba hakuna kitu. Na kodi yako imeendelea kulipwa kabla ya tarehe tano. Umewahi kujiuliza ilitoka wapi? Anadaiwa na nani? Je, kuna aliyemkalisha akamwuliza siku ile alipoona moshi alihisi nini?

Sisemi haya kukufunika mdomo. Una haki yako, nimeshasema. Nasema kwa sababu nyumba yenu ina misiba miwili, na kila mtu anaomboleza wake kivyake akidhani mwenzake hajali. Pengine wewe umehesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukusahau. Yeye naye huenda ameona sahani inawekwa mezani na mwenyewe anaondoka, akasema moyoni: hata nyumbani sina thamani tena.

Ulipoandika haya nilimkumbuka Bibi Khadija. Mtume aliporudi kutoka pangoni Hira akitetemeka, akisema "Nifunikeni, nifunikeni," alifunikwa mpaka hofu ikamtoka. Alipoeleza yaliyompata na kwamba anaihofia nafsi yake, ndipo Khadija akamwambia Mwenyezi Mungu hatamfedhehesha kamwe, akamhesabia mema yake moja moja: unaunga undugu, unabeba wanyonge, unakirimu mgeni. Shuka lilitangulia, maneno yakafuata. Baada ya hapo akampeleka kwa Waraqa, binamu yake, mtu mwenye elimu zaidi. Mimi kila nikifunda biharusi humweleza mpangilio huo.

Nikueleze na yangu. Marehemu mume wangu aliendesha lori kati ya Mombasa na Malaba. Alikuwa akirudi kimya kama jiwe, nami nikimkabili pale pale mlangoni: "Mbona huongei? Kuna nini?" Alizidi kujifunga. Siku moja nilikuwa na njegere nyingi za kumenya, mgongo unaniuma, nikamsukumia sinia bila kusema neno. Tukakaa bega kwa bega, macho yetu kwenye sinia. Baada ya dakika kama ishirini akaanza, taratibu, kunisimulia ajali aliyoiona Salgaa, watu aliosaidia kuwatoa, kiatu cha mtoto. Alikuwa nacho kifuani miezi minne. Tangu siku hiyo nilijua mume wangu husema mikono yake ikiwa na kazi na uso wake hautazamwi. Kila mwanamume ana sinia yake ya njegere. Ya mumeo itafute.

Mafumbo nayo yaache. Mimi mswahili wa asili, leso nazipenda na kabati langu limejaa, lakini leso ni ya kumsema jirani au kumtania wifi. Mtu aliyetoka kubeba marobota hasomi pindo la nguo. Na stetasi inasomwa na watu mia mbili kabla ya yule uliyemkusudia. Mwambie kwa kinywa, tena kwa jambo moja linaloshikika. Usiseme "hunijali," kwa sababu atakuonyesha risiti za kodi na mtagombana. Siku ambayo hajachelewa, baada ya watoto kulala, mpe chai, kaa ubavuni mwake, umwambie: "Nimemkumbuka mtoto wetu wa Rajabu. Sijawahi kulia na wewe." Halafu nyamaza. Usijaze kimya chake. Akisema, msikilize. Akishindwa, mshike mkono, na wewe umwulize habari ya moto. Ukiona njia imefunguka, siku nyingine muombe robo saa kila usiku, simu zote mbili zikae chumba kingine. Ndiyo, na yako.

Hapo ndipo tunamfikia yule wa ujumbe wa sauti. Unasema hakuna baya. Nakuamini, lakini umeniambia mwenyewe kwamba unamsubiri tangu asubuhi. Hadithi ya siku yako, ambayo ni ya nyumba yako, inakwenda kwake ikiwa moto. Mumeo akirudi anakuta umeshaisimulia na umenuna. Tena mtu anayekuuliza umeshindaje hana kodi ya kulipa wala mtoto anayekohoa usiku, hivyo lazima sauti yake iwe laini. Kata mawasiliano naye leo. Usimwandikie barua ndefu ya kuagana, maana hiyo nayo ni mazungumzo. Mfungie kwenye simu, ufute ujumbe wake, ukaswali rakaa mbili. Huna haja ya kumweleza mumeo kisa kilichokwisha, Mwenyezi Mungu amekusitiri, nawe jisitiri.

Ukijaribu haya miezi miwili mitatu kwa dhati na mlango ukabaki umefungwa, aya ya 35 ya sura ile ile ya Nisaa imetuelekeza: msuluhishi mmoja kutoka kwake, mmoja kutoka kwako. Mchague mtu anayeficha siri, pengine mjomba wako, pengine kaka yake anayemheshimu. Nairobi tuna tabia mbaya ya kuziruka hatua hizi, watu wanaonekana Mahakama ya Kadhi wakati hawatazamani tena usoni, na hakuna mzee yeyote aliyekuwa amejua.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni dereva wa matatu, nina miaka 34. Mke wangu anataka nimwambie nampenda. Kwetu wanaume hawasemi maneno hayo, tunaonyesha kwa kazi. Kila jioni nampelekea unga, nyama na pesa ya matumizi. Je, ni lazima kusema? Naona haya.*

Marahaba baba. Haya ni jambo jema, ila hapa umeiweka pasipo mahali pake.

Sahaba Amr bin al-As, aliyekuwa amirijeshi, alimwuliza Mtume mtu anayempenda zaidi kuliko wote. Akajibu: "Aisha." Aliyeuliza ni mwanamume, mtu wa vita, tena alitarajia kusikia jina la mwanamume mwenzake, kwani aliuliza tena, "Na katika wanaume?" Akajibiwa, "Baba yake." Wewe hujaombwa uliseme kituoni mbele ya makanga. Umeombwa ulisemee jikoni kwako, mbele ya mtu mmoja.

Nyama na unga mkeo anaviona, na hajasema havimtoshi. Anachotaka ni kujua kwamba vinamfikia yeye, kwa sababu pesa ya matumizi angeipata hata mpishi wa nyumba. Ukiona neno "nakupenda" linakukwama kooni, anza na dogo. Barua yako yote umemwita "mke wangu," na nina hakika nyumbani unamwita Mama Fulani kwa jina la mtoto. Mtume alimwita Aisha "ya Aish," akilifupisha jina lake kwa mahaba. Jioni ya leo ukifungua mlango, kabla hujaweka mfuko wa unga chini, mwite mkeo kwa jina alilopewa na wazazi wake, umwambie mchana ulipita mahali ukamkumbuka. Lakini iwe kweli ulimkumbuka. Kama leo hukumkumbuka, subiri kesho.