Baba wa watu wote, mkimya nyumbani

Shangazi,
Baba yangu amefariki. Kanisani alikuwa mtu wa kusalimia kila mtu mlangoni, na mtaani kila ninayekutana naye anasema alikuwa rafiki yake. Nyumbani alikuwa mkimya mno. Anakula, Jumamosi anatupigia viatu rangi kwa ajili ya ibada, analala. Sasa nimepewa jukumu la kuandika wasifu wake na kuusoma kwenye ibada ya kumbukumbu. Nikimsifu kama wao, najiona mnafiki.
Binti yake

Mwanangu, pole sana.

Umefiwa, na juu ya hapo unawasikia watu wakisimulia ucheshi ulioutamani wewe. Una haki ya kuumia. Ila usiyapeleke hayo mimbarini. Tafuta mtu unayemwamini, umweleze yote kabla hujashika kalamu.

Kisha warudie hao marafiki zake. Ukiwauliza alikuwa mtu wa namna gani, watakwambia mcheshi na mcha Mungu, sifa anazopewa karibu kila marehemu. Waulize aliwafanyia nini. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9, Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Nataka wasifu wako uwe hivyo. Nani alifika kanisani siku ya kwanza hajui pa kukaa, baba yako akamtafutia nafasi? Nani alitembelewa akiwa mgonjwa? Andika kwa maneno yao na useme ni yao: "Jirani yetu ameniambia..." Hapo unafiki utatoka wapi?

Halafu kuna hilo la viatu. Umelipitia haraka, mimi nimelirudia kulisoma. Mzee asiye na maneno, usiku, ameshika brashi, viatu vya watoto wake vimepangwa mbele yake! Sikwambii kwamba hilo linafuta ukimya wake. Lina uzito wake na ukimya una wake. Lakini ni lako, uliliona mwenyewe, na hakuna rafiki yake anayeweza kulisimulia. Liandike. Na ukitaka kusema kwamba nyumbani hakuwa msemaji, sema, kwa sentensi moja, bila kumshtaki.

Tarehe za kuzaliwa, ndoa na kazi zimalize mwanzoni upesi. Usome kwa sauti nyumbani kwanza, ujue koo litakukaba wapi. Nakala ya pili mpe ndugu yako asimame karibu nawe, ukishindwa aendelee.