Kabla hujaita kfree kwenye draiva

Nikikuta kwenye logi ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) anwani inayosomeka 6b6b6b6b6b6b6b6b, tayari najua nusu ya habari. Hiyo 6b ndiyo baiti ambayo Linux, ukiiwashia ukaguzi wa slab (mgawaji wa kumbukumbu ndani ya kerneli), huijaza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Kuna msimbo umefuata pointa (anwani ya kumbukumbu uliyoihifadhi) ukaingia kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Draiva iliyonifundisha haya ilikuwa ndogo, ya kihisi cha kuchomeka kwenye USB. Taima ilifika wakati wake kila nusu sekunde, ikaweka kazi kwenye foleni. Kazi ikasoma kifaa, halafu ikaitega taima upya. Shida ilikuja mtu alipochomoa waya, tena si kila mara. Mashine ilianguka leo, kisha ikakaa siku tatu bila neno.

Nilianza kwa kuongeza bendera, yaani alama ya ndiyo au hapana: kazi ikianza, iangalie kama kifaa kimeondoka, na kama kimeondoka irudi. Hitilafu ikapungua, nikatuma marekebisho, na baada ya wiki mbili ikarudi. Bendera yenyewe ilikaa ndani ya kumbukumbu ileile inayoachiliwa, na kati ya kuiangalia na kutumia pointa, CPU nyingine ilipata nafasi ya kuita kfree, yaani kuiachilia kumbukumbu hiyo. Nikaongeza msleep (kusubiri) ya milisekunde 100 ndani ya disconnect, sehemu ya draiva inayoitwa kifaa kinapoondoka. Nakuomba usifanye hivyo. Kusubiri kwa kukisia hakuondoi mbio hizo za CPU mbili kugombea kumbukumbu moja, kunazifanya tu zitokee mara chache, na hitilafu inayotokea mara chache ndiyo inayomfikia mteja.

Kilichonitoa gizani ni KASAN, kikaguzi kilichoingia kwenye kerneli toleo la 4.0 mwaka 2015. Kinakula kumbukumbu: kwa hali yake ya kawaida hutenga baiti 1 ya kivuli (rekodi ya hali yake) kwa kila baiti 8. Lakini ripoti yake inakuonyesha nani amegusa kumbukumbu, nani aliiomba na nani aliiachilia. Anza kusoma na aliyeachilia. Kwangu alikuwa disconnect, nilivyotarajia. Aliyegusa alikuwa taima, ambayo ningeapa kwamba nimeisimamisha.

Usikae unachomoa waya kwa mkono. Andika jina la kifaa, kwa mfano 1-2:1.0, kwenye faili ya unbind ya draiva yako chini ya /sys/bus/usb/drivers ili kukitenganisha nayo, kisha kwenye bind ili kukiunganisha tena, na uiache skripti izunguke usiku kucha. Pale unapopashuku, weka kucheleweshwa kwa makusudi, kwenye mashine ya majaribio tu, ili ule upenyo mdogo uwe mlango mpana. Yangu iliyokuwa ikichukua siku tatu ilianza kuanguka ndani ya dakika moja.

Sasa tazama disconnect yangu: del_timer_sync (husimamisha taima), halafu cancel_work_sync (hufuta kazi au huingoja iishe), halafu kfree. Ukiisoma haraka utaipitisha. Lakini del_timer_sync ilipomaliza, kazi ilikuwa bado inaendelea kwenye CPU nyingine, na kabla haijaisha ikaita mod_timer, inayotega taima. cancel_work_sync ikaingoja kazi kwa uaminifu, kazi ikaisha, na nyuma yake ikaacha taima iliyotegwa upya. Kugeuza mpangilio hakusaidii, maana taima nayo itaweka kazi nyingine kwenye foleni. Ni duara, na duara halikatiki kwa kuvizia.

Toleo la 6.2 la kerneli, la mwaka 2023, lilileta timer_shutdown_sync. Hii huisimamisha taima na pia huizuia isitegwe tena. Mod_timer inayokuja baadaye haifanyi kitu. Kwa hiyo timer_shutdown_sync kwanza, cancel_work_sync ifuate, kfree mwisho. Kwenye kerneli ya zamani, bendera inafaa ikiwa tu kuiangalia na kuita mod_timer kunafanyika chini ya kufuli lilelile (linaloruhusu mmoja tu kwa wakati) ambalo disconnect hulishika inapoiweka. Na uachie kufuli hilo kabla ya kuingoja kazi: kama kazi nayo inalihitaji, mtangojana milele.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza, kumbe bado kulikuwa na mtumiaji mwenye faili wazi. Waya umechomolewa, disconnect imefanya kazi yake, lakini programu yake bado inaita read. Kumbukumbu ya draiva lazima iishi mpaka faili ya mwisho ifungwe, kwa hiyo hesabu wanaoitumia kwa kref, kihesabu cha kerneli: ongeza unapofungua, punguza kwenye release (faili inapofungwa) na kwenye disconnect, na wa mwisho kutoka ndiye aachilie. Kuitafuta kumbukumbu hiyo ndani ya open na kuongeza hesabu yake lazima viwe kitendo kimoja chini ya kufuli, la sivyo itaachiliwa katikati. Hii ndiyo sababu nakwepa devm_kzalloc, inayoomba kumbukumbu na kuiachilia yenyewe, kwa kitu chochote ambacho faili iliyo wazi inaweza kukigusa: huachiliwa draiva inapotengana na kifaa, hata kama mtumiaji yuko ndani. Soma drivers/usb/usb-skeleton.c, draiva ya mfano, imo ndani ya kerneli yenyewe.

Ukituma marekebisho, chora safu mbili kwenye maelezo, CPU0 kushoto na CPU1 kulia, mstari kwa mstari kwa mfuatano wa wakati. Mimi sasa huzichora kabla ya kugusa msimbo. Nikishindwa kuzijaza, narudi kwenye ripoti ya KASAN.