Barua kwa Somoe: kabla hujaenda kusomea majengo ya kale

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Shikamoo yako imefika, marahaba mama. Huku hatujambo, ila bibi yako magoti yanamsumbua kama ilivyo kawaida yake kipindi hiki cha kusi. Amesema akusalimie na amekumbushia ile kanga.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, jengo la kale lina nini hasa hata mtu mwenye stashahada ya ujenzi kama wewe arudi darasani kulisomea peke yake. La pili, ukishasoma, kazi hiyo itakuweka mjini? Unasema injinia wenu hapo Dodoma amekwambia nyumba ni nyumba, ukijua zege umejua zote. Nimeona nikuandikie, maana haya si ya kumaliza kwenye simu huku salio linakatika.

Injinia wako anajua kazi yake, usimdharau. Lakini nyumba aliyoisomea inasimama kwa nguzo, nondo na zege, na kanuni yake kubwa ni kwamba maji yasiingie. Nyumba zetu za mawe hapa Mikindani, Kilwa Kivinje na Lindi mjini zilijengwa kwa akili nyingine. Ukuta ni mawe ya matumbawe ya nchi kavu, hayana umbo, yamefungwa kwa chokaa na mchanga, unene nusu mita na zaidi. Hauna msingi wa kuzuia unyevu. Maji yanapanda kutoka ardhini, mvua inapiga kwa nje, upepo wa bahari unaleta chumvi, na ukuta unayapokea yote hayo kwa sharti moja, kwamba yapate pa kutokea. Chokaa ndiyo inayoyapitisha. Ukiufunika ukuta huo kwa saruji umemvalisha koti la mvua mtu anayelima juani.

Siku ukija, pita kwenye nyumba yoyote ya zamani iliyopigwa plasta ya saruji baada ya msimu mzuri wa korosho. Gonga ukuta kwa kiungo cha kidole, usawa wa goti. Pengine patatoa sauti nzito, pengine patalia uvungu. Pale panapolia uvungu ingiza ncha ya mwiko taratibu. Plasta itatoka bapa zima, ngumu, haina kasoro yoyote. Nyuma yake utakuta chokaa ya zamani imekuwa unga mbichi, na jiwe lenyewe linamomonyoka ukilisugua kwa kidole gumba. Maji yalizuiwa mbele, yakarudi ndani. Kila ukuta ulipojaribu kukauka, chumvi iliganda ndani ya vitundu vya jiwe, ikakua, ikalipasua kidogo kidogo. Mwenye nyumba anaona plasta imedondoka, anaagiza nyingine nzito zaidi. Nimeona kuta zilizosimama zaidi ya miaka mia zikilainika ndani ya misimu michache kwa namna hiyo, na fundi aliyepiga ile plasta ni fundi mzuri tu, kazi yake kwenye tofali huioni kosa.

Saruji yenyewe siilaumu. Tangu kiwanda cha Dangote kianze hapa Mtwara mwaka 2015, mfuko uko mlangoni, na nyumba ya tofali inaitaka. Ninachosema ni kwamba jengo la kale halisamehe fundi anayelitendea kama jipya, na hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kulisomea.

Jambo la kwanza utakalofundishwa, kama chuo ni cha kweli, ni kutolishika jengo. Utalipima, utalichora, utalipiga picha kila upande, utaandika kila ufa ulipo na unaelekea wapi. Kwenye ufa utabandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta, pembeni yake uandike tarehe kwa penseli. Kioo kikivunjika, ufa bado unatembea, na kuuziba ni kujidanganya, katafute kinachousukuma. Kisipovunjika miezi na miezi, ufa ule umeshalala zamani. Mkandarasi wa haraka hataki kusikia habari za kusubiri. Ndiyo maana anatakiwa mtu mwenye cheti na lugha ya kitaalamu wa kumwambia mwenye mali asubiri.

Halafu chokaa. Naomba hii usiisome kwa picha. Jiwe linachomwa kwenye tanuri mpaka joto la nyuzi kama 900, hewa ukaa inatoka, linabaki jepesi na kali. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe, linapasuka, linageuka uji mweupe. Macho na mikono ikingwe, maana linaunguza. Ule uji unawekwa shimoni chini ya maji, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa laini na mtiifu kwa mwiko. Ukishapakwa ukutani unarudisha hewa ukaa kutoka angani, polepole, kuanzia nje kuingia ndani, mpaka unakuwa jiwe tena. Kwa hiyo haupigwi kwa mkupuo mmoja. Ni tabaka jembamba, unangoja, unafunika magunia yaliyoloweshwa jua lisiukaushe kabla haujashika, ndipo unakuja na tabaka lingine. Mchanga uwe wa kuoshwa, usiwe wa ufukweni wenye chumvi. Kiganja kikishazoea utajua mchanganyiko umekubali kwa namna unavyoachia mwiko. Hakuna mtihani wa karatasi unaopima hilo.

Hapa kuna ugumu ambao vitabu vingi vya nje havitakwambia. Ghuba yetu imeumizwa sana na uchimbaji wa matumbawe ya baharini kwa ajili ya hiyo hiyo chokaa, na kuni za kuchomea zilitoka kwenye mikoko na misitu ya jirani. Upande wa kusini Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na watu wanajua kwa nini. Sitaki mwanangu awe mtaalamu wa kuponya nyumba kwa kuua mwamba unaolisha samaki. Mawe yapo kwenye magofu yaliyokwishaanguka, na mwamba wa matumbawe wa nchi kavu upo. Boriti za zamani nyingi zinafaa ukikata ncha zilizooza. Ukifika chuoni uliza vifaa vitatoka wapi kwa halali. Mwalimu asiyekuwa na jibu mshike na swali hilo mpaka alitafute.

Nimetaja boriti, na hapo ndipo penye lile la kuboresha, ambalo naona watu wengi wanalirukia. Hakuna anayetaka kuishi kwenye makumbusho. Mama mwenye nyumba anataka choo ndani, maji ya bomba, umeme, feni. Ni haki yake, na nyumba isiyokaliwa ndiyo inayoanguka upesi. Sasa dari za ghorofa zetu zimebebwa na boriti za mikoko, urefu wake mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Ncha za boriti zimezama ukutani. Maji yakivuja pale juu huoni kitu kwa miaka, huku ncha zinaoza gizani na mchwa wamehamia. Mtu anakuja anapandisha tanki la lita 2,000 juu ya dari hiyo. Hizo ni tani mbili, Somoe, juu ya miti iliyopangwa kubeba watu na magodoro. Choo anakiweka ghorofani katikati ya chumba, bomba linavuja kidogo kidogo, na waya wa umeme anauchimbia ukutani kwa tindo mpaka mawe yanalegea.

Mtu aliyesomea angeweka tanki uani kwenye mnara wake wenyewe, choo na bafu kwenye jengo dogo la pembeni au kwenye ghorofa ya chini, waya upite kwenye mabomba juu ya uso wa ukuta bila kuuchimba, na kila alichoongeza kiweze kutolewa kesho bila kuacha kidonda. Hili la mwisho lishike sana. Atakayekuja baada yako pengine atajua zaidi yako, mwachie nafasi.

Kuna Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, wa kuhifadhi majengo ya kale, ambao utausoma popote utakapokwenda. Unasema, kwa maneno yangu, kwamba urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza, na kilichoongezwa kisijifanye cha zamani. Wengine huona ni maneno ya wenye makumbusho. Nenda Kilwa Kisiwani ukaone maana yake. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzo wa karne ya 14, bado lina lile birika lake la pembe nane. Leo mtu angeweza kulizungushia kuta mpya na kuba za kuvutia watalii, na hakuna ajuaye zilikuwaje. Kazi ya maana pale ni kuzuia kilichopo kisipotee. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, vikatolewa humo mwaka 2014. Katikati hapo kulikuwa na kazi ya kuimarisha kuta, kufyeka mimea inayopasua mawe na kushindana na bahari iliyokuwa inakula ufuko karibu na Gereza, ile ngome ya zamani ya pale. Wenyeji walishika mwiko. Nikikwambia kazi hii inawezekana kwetu, nasema juu ya kitu kilichoonekana.

Na hatari yake pia imeonekana. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati ukarabati unaendelea, na wafanyakazi wawili wakafariki. Ukiwa na kofia ya usimamizi, roho za vibarua ziko mikononi mwako kabla ya mawe. Nataka uingie ukilijua hilo.

Sasa wapi. Wewe una msingi wa ujenzi, huhitaji kuanza mwanzo. Chuo Kikuu Ardhi kina wasanifu majengo na wakadiriaji, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia na urithi. Lile Boma la Kale la Dar es Salaam, la miaka ya 1860, tangu 2017 lina kituo cha urithi wa usanifu majengo, DARCH. Kapite hapo ukiwa na daftari. Zanzibar wana Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe tangu 1985, na ndiko utakakokuta mafundi wengi wa chokaa kwa pamoja. Juu zaidi kuna ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi kule Roma, wanaofundisha wataalamu wa nchi nyingi, lakini hayo ya baadaye. Ushauri wangu, na hapa tunaweza kubishana, ni uanze Unguja kwa mikono, hata miezi michache chini ya fundi mzee, ndipo ukachukue shahada. Anayeanza na karatasi huwa anaona haya baadaye kukanyaga uji wa chokaa mbele ya vibarua.

Pamoja na hayo soma Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa, na hata mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 imo kwenye vitu vinavyolindwa. Huku kwetu milango imeondoka kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye nyumba hakuwa na wa kumwambia.

Kuhusu riziki sitakudanganya. Ajira ya kudumu ni chache, na serikalini utangoja. Kazi ipo kwa vipande: mradi wa mfadhili, msikiti wa zamani, ofisi ya zama za Mjerumani inayovuja, mtu anayetaka kugeuza nyumba ya babu yake iwe ya wageni. Boma letu hapa, la mwaka 1895, lilikuwa gofu mpaka shirika la Trade Aid la Uingereza lilipolikarabati na kuligeuza hoteli, na vijana wa hapa wakapata mafunzo na kazi mle. Jengo likipata matumizi linajilipia matunzo. Kwa hiyo jifunze na hesabu, uweze kumwonyesha mwenye mali kwamba kuponya kunamgharimu kiasi gani na kutamrudishia nini. Usiache kibarua chako cha Dodoma mpaka nafasi iwe mkononi, na hiyo stashahada yako ya zege itakulisha miezi ambayo magofu hayana fedha.

Mama yako na mimi tumeshazungumza. Ada ya mwanzo tutachangia kutoka kwenye korosho za msimu huu, nyingine utajazia mwenyewe. Nipe mapema tarehe ya likizo yako. Yule mwenye nyumba ya ghorofa karibu na soko la zamani anataka kuweka vyumba vya wageni, na tanki anataka kulipandisha juu. Bado hajanunua vifaa. Nikimwomba atakuruhusu uipime nyumba yote na kumwandikia unachoona, na karatasi hiyo utaipeleka chuoni pamoja na maombi yako.

Baba yako