Maswali ya Wasomaji: Jua Linawaka, Mbona Nyumba Haina Umeme?

Nimefunga paneli za kilowati 5 juu ya paa, bila betri, na mfumo umeungwa na umeme wa TANESCO. Umeme ukikatika saa sita mchana, jua likiwa kali, na mimi nakosa. Fundi anasema inveta ni nzima. Tatizo ni nini? (Msomaji, Mwanza)

Fundi wako amesema kweli, ndugu msomaji. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama ule wa nguzo, ikiwa ya aina hiyo haiwezi kusimama peke yake. Inasoma volti 230 na masafa ya hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, yanayotoka kwenye gridi, kisha inasukuma umeme wake ukienda sambamba na ule. Gridi ikizimika haina cha kufuata, na viwango vya kiufundi vinaitaka ijitoe ndani ya sekunde 2.

Sababu kubwa ni uhai wa mtu. Transfoma ya mtaani hufanya kazi pande zote mbili: umeme wako ukirudi nyuma, volti 400 za upande wa nyumba zinageuka kuwa 11,000 au 33,000 upande wa pili, na kule juu ya nguzo kuna fundi anayeamini laini imekufa. Tusiombe inveta iache tabia hiyo.

Ukitaka umeme wakati wa katizo, una njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha inveta uweke ya haibridi, yaani inayounga paneli, betri na gridi pamoja, yenye betri. Ya pili ni kuiacha hiyo ya sasa na kuongeza inveta ya betri, ambayo gridi ikikatika hujitenga na nguzo na kuitengenezea nyumba hezi 50 zake. Njia ya pili ina mtego. Betri ikijaa wakati jua bado linawaka, umeme wa paneli hauna pa kwenda. Inveta ya betri hupandisha masafa polepole kuelekea hezi 51 au 52, na inveta ya paneli ikiona hivyo inapaswa kupunguza uzalishaji. Ikiwa ni ya zamani isiyojua kupunguza, itazima na kuwaka mchana kutwa. Kwa hiyo soma kwanza kitabu chake, na usiweke inveta ya betri yenye kilowati pungufu ya ile ya paneli.

Halafu kuna nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Wakati wa kujitenga, swichi hukata waya wa moto na nyutro vyote viwili, na nyutro ya nyumba inabaki ikielea bila kuungwa na waya wa ardhi. Hapo swichi ya kukata umeme unaovuja haitamwokoa mtu. Usidanganywe na kitufe chake cha kujaribia, kwa kuwa kitaruka hata kama muungano haupo. Fundi azime swichi kuu ya gridi, awashe mfumo wa betri, apime kati ya nyutro na ardhi. Akikuta karibu na 0, ni salama. Akikuta volti makumi kadhaa au mia na zaidi, inahitajika rilei, yaani swichi inayojiendesha, ya kuunga nyutro na ardhi, tena iunge pale tu nyumba inapojitenga na gridi.

Tangu nifunge sola, uniti za LUKU zinaisha haraka kuliko zamani. Inawezekanaje? (Msomaji, Dodoma)

Inawezekana kabisa, na ni malalamiko ya kawaida. Mita nyingi za malipo ya kabla haziangalii umeme unaelekea wapi. Zinahesabu tu kwamba umepita. Ziada unayoisukuma nje mchana inakatwa kana kwamba umeitumia. Mita nyingine hujifunga kwa kudhani imechezewa.

Jaribu hivi: saa sita mchana zima vifaa vyote vya ndani, acha inveta ikifanya kazi, kisha angalia taa nyekundu ya mita. Ikiwa inakonyeza haraka, na ukizima inveta inatulia, umepata jibu.

Tiba ni kihisi cha mkondo, ile pete inayofungwa kwenye waya mkuu unaotoka kwenye mita, pamoja na mpangilio wa kuzuia umeme kutoka nje. Pete ina mshale. Ukiifunga kinyume, inveta itadhani nyumba ina kiu ya umeme na itasukuma nje kwa nguvu zote, na hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Usiweke sifuri kamili pia. Acha wati 50 ziingie kutoka gridi muda wote, kwa sababu friji au pasi inapozimika ghafla inveta huchelewa kidogo kupunguza.

Wasomaji wa Kenya wana kanuni za mwaka 2024 zinazoruhusu mita ya njia mbili kwa mitambo isiyozidi megawati 1, lakini uniti unayotoa huhesabiwa nusu tu. Kwa hiyo hata huko ni heri pampu na pasi vifanye kazi saa za jua kuliko kuiuza ziada.

Nataka betri ya kunifikisha asubuhi: friji, taa 8, televisheni na kisambaza intaneti. Kila muuzaji ananitajia ukubwa wake. Nimwamini nani? (Msomaji, Morogoro)

Amini hesabu. Tenganisha kilowati, yaani nguvu inayotakiwa kwa wakati mmoja, na kilowati-saa, yaani jumla ya umeme wa usiku mzima. Wauzaji wengi huzichanganya, na mnunuzi ndiye anayelipa.

Friji ya kawaida ya nyumbani kwa saa 12 za usiku, tuseme kilowati-saa 0.6. Taa 8 za wati 9 kwa saa 5 ni 0.36. Televisheni ya wati 80 kwa saa 4 ni 0.32. Kisambaza intaneti cha wati 12 usiku kucha ni 0.14. Jumla ni 1.42. Gawanya kwa 0.9 kwa ajili ya upotevu ndani ya inveta, upate 1.58. Sasa ongeza kitu ambacho karibu kila hesabu ya dukani hukiacha: inveta yenyewe inakula. Inveta ya kilowati 5 inaweza kula wati 50 hata pasipo kifaa chochote kilichowashwa, na kwa saa 12 hiyo ni 0.6, sawa na friji ya pili. Tumefika 2.18. Gawanya kwa 0.8 ili betri isikaushwe kila usiku: 2.7.

Betri ya lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100 ina kilowati-saa 2.56, haitoshi kwa raha. Ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina 5.12, inatosha na akiba ya siku za mawingu inabaki.

Kisha uliza kilowati. Ndani ya betri kuna bodi ya ulinzi, mafundi huiita BMS, na ina kikomo cha ampea. Bodi ya ampea 50 kwenye volti 51.2 inatoa kilowati 2.5 tu. Birika na pasi vikiwashwa pamoja betri inajikata, nyumba inazima, na lawama zote zinaangukia inveta. Pampu ni mbaya zaidi, maana wakati wa kuanza inaweza kuvuta mara 4 hadi 6 ya nguvu yake ya kawaida. Kwa inveta ya kilowati 5 tafuta bodi ya ampea 100.

Mpangilio wa chaji ndio unaoua betri nyingi nzuri. Kwa lithiamu ya seli 16, yaani ile ya volti 51.2, ikiwa kitabu cha betri hakisemi vingine, chaji iishie karibu volti 56, ishikiliwe karibu 54, na matumizi yakatwe kwenye 48. Zima kabisa ile chaji ya kusawazisha iliyowekwa kwa ajili ya betri za maji. Inaweza kuzidi volti 58.4, na hapo BMS hukata ghafla katikati ya chaji.

Naweza kutumia betri mbili za lori badala yake? (Msomaji, Mtwara)

Hapana. Zimetengenezwa kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukizimaliza kila usiku, sahani zake zitaharibika ndani ya miezi michache.

Kenya ina upepo Turkana na jua Garissa. Kwa nini tunaambiwa gridi inahitaji betri? Betri ya saa moja itaisaidia nini nchi nzima? (Msomaji, Nairobi)

Umeme unaozalishwa sekunde hii lazima ulingane na unaotumika sekunde hii. Ukipungua, mitambo inayozunguka inaanza kulegea na masafa yanashuka chini ya hezi 50. Yakishuka mno, kinga za gridi zinaanza kukatia maeneo umeme.

Turkana kuna mitambo ya upepo 365 ya kilowati 850, jumla megawati 310, na umeme wake unasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa kwa laini ya kilovolti 400. Kilele cha matumizi ya Kenya kimepita megawati 2,300, na usiku wa manane huwa chini sana ya hapo. Laini hiyo ikikatika saa nane usiku upepo ukiwa umepamba moto, sehemu kubwa ya umeme wa nchi inatoweka kwa mkupuo. Mitambo ya mabwawa ya Mto Tana inaweza kuongeza nguvu, lakini malango ya maji huchukua sekunde nyingi kufunguka. Betri hujibu kabla ya sekunde moja kuisha. Kazi hiyo haihitaji saa nyingi, inahitaji megawati nyingi kwa dakika kumi au kumi na tano.

Jimbo la Australia Kusini lilizimika lote Septemba 2016. Dhoruba iliangusha minara ya umeme, kisha mitambo ya upepo ikajitoa kwa sababu ya mpangilio wa kinga zake. Mwaka 2017 likajengewa betri ya Hornsdale: megawati 100, megawati-saa 129. Kwa nguvu kamili inaisha kwa saa 1 na dakika 17, na bado imekuwa nguzo ya masafa ya gridi ile. Mwaka 2020 ikaongezwa hadi megawati 150.

Kazi ya pili ni kuhamisha umeme. Upepo wa Turkana una nguvu usiku, wakati Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini, mvuke mwingine huachwa ukaenda hewani kwa kukosa mtumiaji. Betri ingeweza kujazwa saa hizo na kutumika kesho yake kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku. Kwa megawati 100 kwa saa 3 unahitaji megawati-saa 300, na kwa ufanisi wa asilimia 85 utaijaza kwa takriban 353. Hiyo ni betri kubwa na ghali mno kuliko ile ya dakika kumi na tano. Kwa hiyo mradi ukitangazwa kwa megawati peke yake, ulizia na megawati-saa ndipo ujue umenunuliwa kwa kazi ipi.

Na zabuni ya betri ya gridi iseme wazi kama inveta zake zinaweza kuunda gridi zenyewe au zinafuata tu. Za kufuata haziwezi kuiamsha gridi iliyozimika, hata betri ikiwa imejaa pomoni. Sifa hiyo huagizwa tangu mwanzo, pamoja na majaribio ya kuithibitisha kabla mkandarasi hajalipwa fungu la mwisho.