Lawama tumegawana nusu kwa nusu. Je, gharama za kesi nazo?

SWALI: Shikamoo wakili. Naishi Kisauni, Mombasa. Kontrakta wa jirani alichimba msingi wa ghorofa hadi chini ya ukuta wangu bila kuuegemeza. Ukuta ukaanguka, vyumba viwili vikapasuka. Hakimu alikadiria hasara kuwa shilingi 1,200,000, akamtwika kontrakta asilimia 70 ya lawama na mimi 30, kwa sababu ukuta niliuongeza kozi nne juu ya msingi wa zamani. Kontrakta akakata rufaa, Mahakama Kuu ikatugawa 50 kwa 50. Sasa wakili wake ameniletea barua nitie sahihi: ati lawama ikiwa nusu, gharama za kesi nazo nilipwe nusu. Ni haki?

JIBU: Marahaba dadangu. Usitie sahihi.

Nakala ya hukumu uliyoambatanisha nimeisoma mara mbili, na aya ya mwisho ndiyo ngao yako. Jaji ameandika kwamba gharama za mahakama ya chini ni zako, na za rufaa kila upande ujibebee. Neno “nusu” halimo. Kugawa lawama ni jambo moja, nalo linatoka kifungu cha 4 cha sura ya 26 ya sheria za Kenya: fidia inapunguzwa kwa kadiri ya kosa la mwenye kudai. Ndiyo maana 840,000 zako zimekuwa 600,000. Gharama zina mlango wake, kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, sura ya 21. Hicho kinasema zinamfuata aliyeshinda, isipokuwa mahakama itoe amri nyingine kwa sababu ya maana. Wewe ulishtaki, ukalipwa. Umeshinda, hata kama umeshinda nusu mkate.

Lakini nisikufiche: ada ya wakili katika gharama hizo itapigiwa hesabu kwenye 600,000, si 840,000. Itashuka kidogo.

Unauliza pia, kwa uchungu ninaouelewa, kwa nini jaji aligusa asilimia na asiguse zile 1,200,000. Rufaa ya kwanza huupima ushahidi upya, na kozi nne juu ya msingi wa zamani zilimkaa jaji moyoni. Kiasi cha fidia hakiguswi kirahisi. Tangu kesi ya Butt dhidi ya Khan, 1981, lazima kiwe kimepita kiasi, kimepungua mno, au kimejengwa juu ya kanuni potofu. Chako kilisimama juu ya stakabadhi za simenti na mchanga, na ile picha ya ufa wa chumba cha watoto: mstari wa penseli kila mwisho wa ufa, tarehe pembeni, wiki baada ya wiki, mistari minane. Nimesimama mahakamani miaka 26, na ni wateja wachache walionijia na ushahidi uliotunzwa hivyo.

Rufaa ya pili sikushauri. Mahakama ya Rufani ingesikiliza hoja za sheria tu, na asilimia hizi ni suala la ushahidi.

Mwambie wakili wako aandike orodha ya gharama, aipeleke mahakama ya hakimu zikadiriwe. Atie humo ada ya kufungua kesi, nauli za mashahidi, na malipo ya mhandisi aliyekuandikia ripoti. Ile barua mjibu kwa maandishi kwamba umekataa, ubaki na nakala.